Lawama ya Umbo

Mtu hulaumiwa kwa haki juu ya tendo alilolitenda kwa hiari. Je, aweza kulaumiwa kwa umbo alilozaliwa nalo? Wengi hujibu kwamba hawezi. Lakini azaliwapo mtoto mwenye mdomo uliopasuka, huyu humwita sungura, na yule humsengenya mama yake.

Msomaji, kabla hujaandamana nao, fikiri jinsi uso wako ulivyofanyika. Katika juma la nne tangu kutungwa kwa mimba, urefu wako ulikuwa kama nusu sentimita, na shingoni mwako palikuwa na mikunjo mfano wa matao. Tao la kwanza lilifanya taya la juu na la chini. Sehemu yake nyingine iliingia sikioni, ikawa mifupa miwili midogo, nyundo na fuawe. Karl Reichert, mtaalamu wa Ujerumani, alilieleza jambo hili mwaka 1837 baada ya kuchunguza vijusi vya nguruwe. Hivyo taya linalocheka na sikio linaloumizwa na kicheko ni ndugu wa tao moja.

Uso nao huungwa kwa vipande. Katika juma la sita na la saba vipande vya mdomo wa juu hukutana vikashikamana. Gusa kijifereji kilicho chini ya pua yako: kingo zake mbili ni alama ya maungio hayo. Kwa mtoto mmoja hivi katika kila 1,000, maungio hayatimii. Urithi wa damu una sehemu yake, na moshi wa tumbaku na dawa fulani vina sehemu yake, laana haimo.

Pengine mtu atasema, "Basi mama aliyevuta tumbaku ana hatia." Lakini wako waliovuta wakazaa watoto wasio na mpasuko, na wako wasiovuta kamwe wakazaa wenye mpasuko. Mizani ya hukumu hiyo iko mkononi mwa nani?

Wewe hukuyasimamia maungio yako. Usijisifu kwa kazi usiyoifanya, wala usimlaumu mwenzio kwa kazi asiyoiharibu. Lawama ya haki ina mahali pake. Daktari aweza kuushona mdomo huo katika miezi ya kwanza ya maisha. Mtoto akifichwa nyumbani kwa aibu asipelekwe hospitali, hapo pana tendo la hiari, na kila aliyecheka ana fungu lake.