Hendibreki Mbili

Kisa hiki kina dereva mmoja, tajiri mmoja na hendibreki mbili. Majina hayana kazi humu. Yeyote aliyewahi kupakia mbao Mafinga kwenda Dar es Salaam atawatambua wahusika bila kuonyeshwa kidole.

Hendibreki ya kwanza ilikuwa kwenye lori kuukuu la tani kumi, zile za waya na fimbo ndefu ya chuma kando ya kiti. Kuifunga kulitaka mtu ajikunje, aishike kwa mikono miwili na kuivuta jino kwa jino mpaka bega lilie. Kuifungua kulikuwa kubaya zaidi: unaivuta tena kidogo kwenda juu, unabonyeza kitufe cha kichwani kwa dole gumba, na fimbo nzima inataka kukuponyoka. Dereva wetu alikuwa mtu mzima, na vidole vya mkono wa kushoto vilikwishaanza kufa ganzi kwa miaka ya kushika gia inayotetemeka. Akamwendea tajiri.

"Bosi, ile hendibreki inanimaliza mkono. Fundi anasema waya umeshika kutu ndani ya ganda lake. Ukibadilishwa, na pini zikipata grisi, itavutika."

"Mzee wangu," tajiri akajibu, "lori si gari la harusi. Wenzako wanaivuta kila siku na hawajafa."

Basi dereva akafanya kile afanyacho kila mtu aliyepewa kifaa kinachomshinda mkono: akaacha kukitumia. Lori likisimama, utingo anaruka na gogo kabla injini haijazimwa, anapachika nyuma ya tairi, mzee anaacha gia namba moja, safari imekwisha. Hendibreki ikabaki ya kumwonyesha trafiki siku ya ukaguzi, na hata siku hiyo ilivutwa kwa kuchomekewa kipande cha bomba ili ipate urefu.

Tajiri alipojua alisema ni uvivu. Wenye magari wengi husema hivyo hivyo, na kwa maoni yangu wanajidanganya, kwa sababu wao huvuta hendibreki ya lori mara moja, siku ya kulinunua. Dereva anaivuta kwenye kila mizani, kila kituo cha mafuta, kila foleni ya mlimani, usiku akiwa amechoka, mvua ikinyesha. Kifaa cha usalama kinachoumiza hutumika pale tu mtu anapotazamwa.

Siku moja wakasimama Ilula kununua nyanya. Utingo aliweka gogo kwenye kokoto, akaenda kubishana bei. Gia ikaruka. Lori likatambaa kinyumenyume taratibu, likalisukuma gogo kando, likapanda juu ya matenga ya akina mama yaliyopangwa ukingoni. Hakuna aliyeumia, na hiyo ilikuwa bahati tupu. Tajiri alilipa nyanya zote kwa bei ya Dar es Salaam, maana akina mama wa Ilula si watu wa kuchezewa. Waya mpya wa hendibreki ungemgharimu sehemu ndogo tu ya fedha hiyo.

Jambo hili ni la zamani kuliko malori yenyewe. Katika reli za Marekani za karne ya 19, treni ya mizigo ilisimamishwa na vijana waliokimbia juu ya mapaa ya mabehewa, wakizungusha usukani wa breki wa behewa moja, kisha wakiruka kwenda la pili. Mikono haikutosha, kwa hiyo walibeba rungu la kuchomeka kwenye usukani huo ili upate kuzunguka, mpango ule ule wa bomba la mzee wetu. Wakati wa barafu walianguka katikati ya mabehewa. Mwaka 1869 George Westinghouse alipata hataza ya breki ya upepo, na kufikia 1872 akaigeuza ili bomba likipasuka au behewa likichomoka, breki zijifunge zenyewe. Hata hivyo makampuni ya reli hayakuwa na haraka. Ilibidi Bunge la Marekani lipitishe sheria mwaka 1893 ya kuyalazimisha kutumia breki ambazo dereva wa treni anaziendesha mwenyewe kutoka kwenye injini. Kwa miaka ishirini na ushei dawa ilikuwapo, na watu wakaendelea kuanguka.

Wazo lile la Westinghouse ndilo lililoleta hendibreki ya pili. Tajiri aliuza lori kuukuu, akanunua semi yenye tela la ekseli tatu. Mzee alipoketi akatafuta fimbo pembeni, hakuiona. Muuzaji akamwonyesha kipini kidogo kwenye dashibodi. Unakivuta kwa vidole viwili, upepo unatoka "pshaa!", na gari zima limeshikwa.

Nguvu yenyewe iko chini, kwenye chemba za breki, ambamo kuna springi kali iliyobanwa. Upepo wa kwenye tenki, kama bar 8 hivi gari likiwa tayari kwa safari, ndio unaoizuia springi isifunge breki. Ukivuta kipini unauruhusu upepo utoke, springi inajinyoosha, magurudumu yanashikwa. Upepo ukivuja njiani mpaka ukaisha, matokeo ni hayo hayo. Mkono wa dereva unafungua njia tu, haubebi kitu. (Springi hiyo imeua mafundi waliofungua chemba bila kuibana kwanza, basi wewe ukiwa na spana tu na ujasiri, usiiguse.)

Nasifu waliobuni vipini hivi. Wengine wameweka pete ambayo lazima uiinue kwanza ndipo breki iachie, ili goti au mtoto mtundu asiifungue kwa bahati mbaya. Kwenye malori ya Kimarekani, ambayo mengine yamefika katika barabara zetu, kitufe cha kuegesha ni cha njano na kina umbo la almasi, na cha upepo wa tela ni chekundu chenye pembe nane. Vidole vinajua kipi ni kipi hata gizani.

Mzee alifurahi kama aliyerudishiwa mkono wake. Tatizo lilianzia kwenye kipini kingine, kile kinachofunga breki za tela peke yake. Kazi yake ni kujaribu kama tela linashika kabla ya kuondoka. Lakini kilikuwa chepesi, kilikuwa karibu, na goti la mzee nalo lilikuwa na malalamiko yake. Akazoea kushuka milima kwa kipini hicho, pedali ya breki akiipumzisha.

Mteremko wa Kitonga, ukitokea Iringa, si mahali pa mazoea hayo. Mzee aliingia na mzigo kamili wa mbao, gia ikiwa juu kuliko ilivyofaa, kidole kwenye kipini. Kona ya kwanza sawa, ya pili sawa. Utingo akanusa.

"Mzee, kuna kitu kinaungua."

"Wa mbele yetu huyo."

Breki za zamani za mafuta zilimwambia dereva habari zake. Zikichoka, pedali inazama na mguu unajua. Breki ya upepo haisemi chochote. Diramu ikipata moto inapanuka na kuikimbia lainingi, chuma cha kusukuma kinalazimika kusafiri mbali zaidi, kushika kunapungua, na kipini kinabaki chepesi vile vile kama asubuhi kwenye gereji. Mzee alivuta mpaka mwisho. Akaachia, akavuta tena, akaachia, akavuta, na kila mara upepo ukapungua kwenye tenki. Kengele ya kumwonya kwamba upepo umeshuka haikulia. Ilikuwa imekatwa waya miezi kadhaa nyuma, kwa sababu kila alfajiri ilipiga kelele wakati kompresa inajaza tenki, na wageni wa lodji walilalamika.

Alipokanyaga pedali, breki za kichwa pekee ndizo zilizobaki na nguvu, nazo zilisukumwa na uzito wote wa tela. Alichofanya baada ya hapo kilikuwa sahihi, na kiliokoa watu: aliegemeza gari upande wa mlima, akaingia mtaroni, akaliacha jabali limsimamishe. Tela likalala ubavu. Mbao zikafunga barabara mpaka jioni. Yeye na utingo walitoka na michubuko.

Gereji, tajiri alisimama juu ya fundi aliyelala chini ya tela.

"Kwa hiyo ile fimbo ya zamani ndiyo ilikuwa breki. Hivi vidude vya vidole vinawalemaza."

"Hapana, bosi," fundi akasema akiwa chini huko huko. "Kwenye ile ya zamani mkono ulichoka, ukaikimbia. Hii imeuondolea mkono kazi, lakini imeuondolea na habari. Habari zikahamia kwenye geji, kwenye kengele na huku chini nilipo mimi. Geji hakuitazama, kengele mliikata, na huku hajaja mtu tangu mlinunue."

Akamwita mzee ainame. Magurudumu yamewekewa magogo (hiyo ndiyo kazi halali ya gogo), hendibreki imeachiwa, akashika slaki ajasta moja, ule mkono wa kurekebishia breki, na kuivuta kwa nguvu. Ikitembea zaidi ya kama sentimita 2.5 pale inapoungana na chuma cha kusukuma, inataka kurekebishwa. Zote sita zilitembea zaidi.

"Na Kitonga, mzee, gia ya chini inaingia kabla mlima haujaanza, si katikati. Acha injini ishike. Kama mwendo salama ni 40, ukifika 40 kanyaga pedali sawasawa mpaka 32, kisha achia kabisa, breki zipumue. Kile kipini cha tela uwe unakigusa ukiwa hapa uwanjani."

"Goti langu je?"

Fundi akamtazama tajiri. Yako malori yenye ritada, breki isiyogusa diramu kabisa, ambayo dereva anaiita kwa mkono mdogo chini ya usukani. Kwa mtu mwenye goti bovu na mlima mrefu, hicho ndicho chepesi cha kweli. Tajiri akauliza bei, akasikia, akageuza mazungumzo.

Waya wa kengele akakubali urudishwe siku hiyo hiyo. Lainingi mpya akakubali, maana za zamani zilikuwa zimeungua na kung'aa kama kioo. Zilipofika slaki ajasta za kujirekebisha zenyewe, alikaa nje na kikokotoo cha simu kwa muda mrefu, akarudi, akalipia nne.