Kidonge cha Kusomea

Mitihani ya Novemba inakaribia, na vijana wetu wa matriki na wa vyuo hapa Durban wanakesha. Wapo wanaouliza kwa sauti ya chini: kumeza Ritalin ili usome usiku kucha, hali huumwi, ni dhambi?

Dawa hii ina kazi yake. Mtoto ambaye daktari ameona hawezi kutulia, akamwandikia, asionewe haya wala asishinikizwe kuiacha. Kuinunua kwa rafiki bila cheti ni kuvunja sheria ya Afrika Kusini. Hilo linajibu nusu ya swali.

Nusu nyingine iko kichwani. Nyuma ya paji la uso kuna sehemu ya ubongo inayotuwezesha kupanga, kujizuia na kushika mambo kadhaa akilini kwa pamoja. Inahitaji dopamini, lakini kwa kiasi, kama chumvi kwenye maharage. Ikipungua mawazo yanatawanyika. Ikizidi yanaharibika pia. Ritalin huiongeza (miraa nayo huiongeza, kwa njia yake). Basi mwenye afya anaweza kuwa anatia chumvi kwenye chungu kilichokwisha kukolea.

Mwaka 2023 watafiti wa Melbourne na Cambridge walitoa matokeo ya watu 40 wenye afya waliopewa dawa za namna hii, kisha fumbo la kupakia mkoba: vitu vingi, kila kimoja na thamani yake na uzito wake, na mkoba una kikomo. Tuliowahi kufunga mizigo ya basi la kwenda Lubumbashi tunalijua fumbo hilo! Baada ya dawa walipanga na kupangua kwa bidii zaidi kuliko walipopewa kidonge kitupu, lakini mizigo yao ikawa na thamani ndogo. Waliofanya vizuri bila dawa ndio walioelekea kushuka.

Hapo ndipo penye hatari kwetu wazazi. Tunapima bidii kwa taa inayowaka saa nane usiku, na tunawakumbusha watoto mipaka mingapi tulivuka kwa ajili yao. Kijana anayeogopa kutuangusha atanunua kitu kinachofanana na bidii. Tukimkemea yeye peke yake, tutakuwa tumekemea nusu ya kosa.

Elia alipochoka chini ya mretemu, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumwambia ajikaze. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Safari ya siku arobaini ilikuja baadaye.