Msiifanye ndoa kichaka

Wanangu, kila msimu wa karafuu ukimalizika na fedha zikiwa mfukoni, hapa Pemba haikosi habari ya kijana aliyemtorosha binti wa watu. Muulizeni, atakujibuni mawili: "Mwenyewe alitaka," na "Keshavunja ungo." Huenda yote ni kweli. Mbele ya hakimu hayamfai kitu.

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamhesabu mtoto kuwa ni kila aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Adhabu, Namba 6 ya 2018, haihesabu ridhaa ya binti wa chini ya umri huo. Akikubali, akikufuata mwenyewe, akikuandikia meseji usiku kucha, bado kosa ni kubaka, na adhabu yake hufika kifungo cha maisha. Kutorosha nako ni shtaka mbali.

Najua mtanijibu kwamba mpaka ni baleghe. Kwenye nikaha tutazungumza. Sheria ya Ndoa ya Bara, ya 1971, haitumiki kwetu, na ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu viko kwa kadhi. Lakini kadhi hahukumu jinai. Anayekushitaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka, naye anahesabu miaka.

Tena umri hauthibitishwi kwa kimo. Unasema, "Alinambia ana kumi na tisa," na mama yake anafungua mkoba, anatoa kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, tarehe ya kuzaliwa imo. Hata pasipo karatasi, neno la mzazi juu ya umri wa mwanawe ni ushahidi.

Hapo wazee wenzangu huingia, na hapa nawasema na wao. Baba wa kijana na baba wa binti wanakaa barazani, mara nyingi ni watu wa ukoo mmoja, muhali umewashika. "Tuwaozeni, yaishe." Hayaishi. Kosa limetendeka kabla ya nikaha, na mwenye kesi ni serikali, si baba wa binti. Mahari hayafungi jalada la polisi. Tangu 2021 Zanzibar ina mahkama maalumu za makosa ya udhalilishaji, zilizoanzishwa kwa kuwa kesi hizi zilikuwa zikizungushwa mpaka mashahidi wanachoka, na muhali wetu ndio uliokuwa ukiwachosha.

Wajanja wana hesabu nyingine: nikimuoa atakuwa mke wangu, na mke hamtolei mumewe ushahidi. Wamesikia nusu ya maneno. Chukueni Bara, kwani vijana wetu wengi wako Tanga na Dar es Salaam wakitafuta riziki. Sheria ya Ushahidi ya 1967 kweli ina kifungu kinachosema mke au mume wa mshitakiwa halazimishwi kuwa shahidi wa upande wa mashtaka. Hiyo ni hiari ya mke, si ngao ya mume. Akitaka kusema, huna la kumziba. Na kifungu hicho hicho kimeyatoa nje makosa ya kujamiiana, na kila tendo lililodhuru mwili au mali ya mke, au watoto wao. Hapo anaitwa na kulazimishwa kama jirani yeyote. Ndivyo inavyopasa, maana mengi ya haya hutendeka ndani ya nyumba, na aliyeyaona ni mke peke yake.

Na Mahkama ya Rufani, iliyo juu ya mahkama za Bara na za kwetu, imeshika msimamo kwamba ushahidi bora wa kosa la kubaka ni wa aliyetendewa. Msingoje kuokolewa na kukosekana kwa mtu aliyechungulia dirishani.

Nanyi wanangu wa kike, kosa hili likikufikeni, msioge wala msifue nguo. Semeni siku hiyo hiyo, kwa mama, kwa shangazi, kwa mwalimu; akikunyamazisheni mmoja, nendeni kwa mwingine. Hospitali ya Chake Chake ina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na mshauri hupatikana pahala pamoja. Nguo zitieni kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni. Nailoni hushika unyevu na kuharibu alama.