Ramadhani, siku ya 11: Mashine ya kuazima

Wewe unayefufua Landrova ya marehemu mzee hapo uani Pasua: uliazima mashine ya jirani uchomelee milango tu. Ukaunganisha na chasisi, usiku kucha, bila kuipumzisha. Koili ikaungua. Sasa unataka kusema umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, na hapa Moshi nani atakubishia?

Kabla ya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliazima deraya kwa Safwan bin Umayya. Safwan alikuwa hajasilimu bado, lakini alipewa dhamana. Baadhi zilipopotea, Mtume akajitolea kulipa.

Kwa Mashafii, kilichoharibika kwa kazi uliyoruhusiwa hulipi. Haya, chasisi uliruhusiwa? Mwambie leo, kabla ya futari. Huna pesa? Mwombe muda.