Kizibo Kilichoachia Mwaka wa Nne

Mama mmoja alizibwa gego kwa resini nyeupe yenye rangi ya jino lenyewe. Maumivu yakaisha siku hiyo hiyo, na kwa kuwa hakuumwa tena, hakurudi kukaguliwa. Hata alipoona mstari wa kahawia pembeni mwa kizibo alijiambia ni chai. Mwaka wa nne, akiwa mezani, kizibo kikacheza. Chini yake jino lilikuwa limeoza hadi kwenye mshipa.

Alilaumu gundi inayoshikiza kizibo kwenye jino. Lakini siku ya kwanza ile gundi ilishika barabara, na nguvu ya siku ya kwanza ndiyo inayowaponza wagonjwa na madaktari pia.

Mwaka 1955 mtafiti wa meno Michael Buonocore, huko Rochester nchini Marekani, alionyesha kwamba enameli, tabaka gumu la nje la jino, ikipakwa asidi ya fosforiki, resini huing'ang'ania. Enameli karibu yote ni madini, na hapo gundi hudumu. Dentini iliyo chini yake ni kitu kingine: ina maji, na ina nyuzi za kolajeni. Ifikirie kama ukuta wa kukandika. Asidi huondoa udongo, yaani madini, fito za kolajeni hubaki wazi, kisha resini huingia kuwa udongo mpya. Isipofika kote, fito zilizobaki tupu huliwa, na mchwa wake wamo ndani ya fito zenyewe.

Mchwa hao ni vimeng'enya vya dentini vinavyokata kolajeni, ambavyo asidi huviamsha. Mwaka 2004 mtafiti David Pashley na wenzake walieleza jinsi walivyoiweka dentini iliyopakwa asidi kwenye mate ya kutengenezwa, pasipo bakteria, kwa siku 250. Kolajeni iliharibika karibu yote. Palipowekwa dawa ya kuzuia vimeng'enya, ilisalia. Mate halisi nayo huongeza kazi: vimeng'enya vyake vya esterasi hukata resini polepole, na Streptococcus mutans, bakteria wa kuoza meno, wana esterasi zao. Mpaka wa kizibo hufunguka, maji na bakteria hupenya.

Kwa hiyo dakika chache za kitini zina uzito mkubwa. Jino litengwe na mate kwa shuka ya mpira. Asidi isikae kwenye dentini zaidi ya sekunde 15 hivi. Gundi isuguliwe ndani, ipulizwe hadi kiyeyushi kiishe, kisha imulikwe kwa muda kamili. Wengine hupaka kwanza klorheksidini ya 2%, ambayo huchelewesha vimeng'enya, ingawa si milele. Daktari anayeharakishwa na foleni huruka hatua hizi, na mgonjwa hana namna ya kujua akiwa bado kitini.

Mstari wa kahawia si lazima uwe uozo. Mara nyingine ni doa tu. Lakini mwenye jino hawezi kutofautisha kwa kioo cha nyumbani. Mama yule angeonwa mapema, huenda pembe ya kizibo ingesuguliwa au kurekebishwa kidogo kwa resini mpya. Alipofika, ilibidi mshipa utolewe, mizizi isafishwe na kuzibwa, na gego livishwe kofia.