Nani Awe Joka?

Tarehe 29 Septemba Kanisa hukumbuka Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote. Kwetu siku hii hupita kwa Misa tu, tena ya watu wachache. Lakini huko Uingereza, ambako majani huanza kupukutika mwezi huo, zamani iliingia hata majumbani. Ilikuwa mojawapo ya siku nne za mwaka za kulipa kodi ya ardhi, na mwenye uwezo alichinja bata bukini. Watoto walikatazwa kuchuma matunda meusi ya miibani baada ya sikukuu, kwa kuwa Ibilisi, alipotupwa toka mbinguni, aliangukia miiba ile akayatemea mate kwa hasira. Katika visiwa vya magharibi ya Scotland walioka mkate wa kila nafaka waliyovuna mwaka ule.

Siku hizi ziko nyumba za Ulaya na Marekani zinazoirudisha sikukuu hii kwa ajili ya watoto wadogo. Unga hufinyangwa mfano wa joka, ukaokwa, na watoto hupewa panga za mbao. Jambo hili lapendeza, na lawezekana hata kwetu tungojao mvua za vuli. Ila twajiuliza: je, yafaa kumfundisha mtoto ushujaa kwa kumpa adui?

Wengine huogopa kwamba mtoto ataota ndoto mbaya. Hofu hiyo twaiona ndogo. Bibi zetu walitusimulia zimwi lililomeza kijiji kizima, nasi tulilala. Mtoto amekwisha kulijua joka kabla hatujamtajia. Habari asiyoijua ni kwamba limeshindwa.

Shida iko kwingine. Watazameni watoto watano wakicheza vita hivi. Nani huwa joka? Mara nyingi ni mdogo wao, au mgeni, au yule mwenye kigugumizi. Naye mwenye upanga humpiga huku akiamini anafanya kazi ya Mungu. (Sisi wakubwa tunaujua mchezo huu vizuri, hata katika vikao vya kanisa.)

Waraka wa Yuda unasimulia kwamba Mikaeli aliposhindana na Ibilisi juu ya mwili wa Musa, hakuthubutu kumtukana, bali alimwachia Bwana amkemee. Ikiwa malaika mkuu alijizuia mbele ya Ibilisi mwenyewe, mtoto wa miaka sita apewe ruhusa gani juu ya dada yake?

Mtu atasema: basi watakua wanyonge, wasioweza kupinga uovu. Ni kweli uovu hupingwa, wala hatutaki hadithi ifichwe. Twataka tu mtoto yeyote asiwe joka. Joka liwe la unga, wa ngano au wa muhogo, kadiri nyumba ilivyo nao. Kabla ya kulikata kila mtu alitaje joka lake mwenyewe, na baba aanze. Akisema, “Langu ni hasira ya jioni,” watoto hawatashangaa, maana wanalijua.

Fimbo ya mwarobaini yatosha kuwa upanga, nayo iachwe mlangoni wakati wa kula. Mkubwa wao huenda akauliza kwa nini joka lilitupwa huku duniani, lisitupwe mahali pengine. Swali hilo baba asilikimbie, hata chai ikipoa.