Kinyaa na Chakula cha Mwenzio

Mtoto mchanga hana kinyaa. Mwache akitambaa uani, naye atatia kinywani mchanga, kijiti, hata siafu, mpaka mama yake amfumbue vidole na kumkemea. Kwa makemeo hayo, na kwa nyuso azionazo zikikunjwa wakati wa kula, hufundishwa kidogo kidogo kipi cha kuliwa na kipi cha kutupwa. Basi ukubwani, akutanapo na chakula kigeni na moyo ukamchafuka, hudhani kuwa maumbile yenyewe yamesema naye, kumbe aliyesema ni nyanya yake.

Nataka, msomaji, tulipime jambo hili kwa mfano wa wadudu, maana ni chakula kichekwacho sana. Mwanafunzi wa Siaya au Vihiga afunguapo kopo la kumbikumbi waliokaangwa, baadhi ya wenzake huguna, baadhi hukimbia, na mmoja hakosi kusema neno la kumfanya mwenye kopo alifiche. Sikuulizi kama wewe nawe utakula. Nakuuliza kama kinyaa chako ni hoja ya kutosha kumhukumu alaye.

Mtu wa Lamu hufurahia kamba. Naye kamba ana gamba, ana miguu mingi yenye viungo, ana vipapasio usoni. Wenye elimu ya viumbe humweka katika ukoo mmoja mkubwa na panzi. Hapo kale Wakikuyu na Wamasai hawakula samaki, na leo wajukuu wao wengi huwala kwa furaha. Asali nayo, ambayo ni nadra kupata asiyeisifu, ni maji matamu ya maua yaliyomezwa na nyuki kisha yakatapikwa. (Sisemi haya kukuharibia chai yako.) Hata dini hazikukubaliana na kinyaa chetu: sheria ya Musa iliwaruhusu Waisraeli kula nzige, na Uislamu huwahalalisha.

Waliolelewa magharibi ya Kenya hawahitaji kuelezwa utamu wa kumbikumbi. Mvua ikisha kunyesha, wadudu hao hutoka kichuguuni wakiwa na mabawa. Wenye ujuzi hukifunika kichuguu kwa majani au blanketi, wakaacha upenyo mmoja wa mwanga na shimo la kuwapokea. Wengine hupiga vijiti kwa mdundo ufananao na matone ya mvua, wadudu wakadanganyika wakatoka. Kichuguu kipi hutoa kumbikumbi, kwa mvua gani na saa gani, ni elimu kamili, walakini haikuandikwa mahali. Mtoto aliyetiwa haya kwa sababu ya kopo lake haendi tena kumwuliza mzee wake elimu hiyo, na mzee hufa nayo.

Wala kisifikiriwe kuwa ni chakula cha wachache. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa watu bilioni 2 duniani hula wadudu, na kuwa aina ziliwazo zapita 1,900. Nyenje, wale waliao usiku, wakifugwa huhitaji kama kilo 2 za chakula ili waongezeke kilo moja. Ng'ombe huhitaji kama kilo 8. Nao nyenje mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Kwa nchi yenye mashamba yanayogawanywa kila kizazi, hesabu hii si ndogo.

Ama kukataa si kosa. Huko Uganda, ambako mwezi wa Novemba huitwa Museenene kwa jina la senene, pana ukoo wa Waganda uitwao Nsenene, nao kwa mila hawamli senene kwa kuwa ndiye ishara ya ukoo wao. Hujiepusha naye kwa heshima, bila ya kumdharau jirani amkaangaye. Lakini katika nchi hiyo hiyo desturi ya zamani iliwataka wanawake wawaokote senene na kuwapika, wasiwaonje. Senene walikuwa wa waume. Kinywa cha kwanza kilijifunga chenyewe, cha pili kilifungwa na mwingine.

Tena kinyaa kina kazi yake: hutuepusha na kilichooza. Na si kila mdudu ni salama. Nzige wa jangwani walipoivamia Kenya kuanzia mwisho wa 2019, kwa wingi ambao haukuonekana kwa miaka 70, walinyunyiziwa dawa, na mtu aliyewala hao alijihatarisha. Hali kadhalika mwenye kudhurika na kamba huenda akadhurika na nyenje.

Kinachonisumbua zaidi ni wale washibao nyama kila siku, kisha wakamshauri maskini ale wadudu. Ushauri huo, ukitoka kwa asiyeonja, una harufu ya dharau ile ile ya mcheka kopo. Kwa hiyo napenda kuona mambo yakigeuka. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliruhusu mabuu makavu ya mdudu mmoja wa jamii ya mbawakawa kuuzwa kama chakula cha watu. Kwetu, katika Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo, wataalamu wamechunguza ufugaji wa nyenje na kutia unga wao katika vyakula kama mkate. Unga hauonyeshi mguu wala bawa, nacho kinyaa hulala. Siku moja yule aliyecheka huenda akaununua dukani, katika pakiti nzuri, kwa bei ya juu. Na bibi wa Siaya ajuaye kichuguu chake na mvua yake asipate katika fedha hizo hata senti moja.